Ukurasa wa Saba Nyuma ya Mgongo wa Maalim

Siku ya kwanza ya kazi ninayotaka kuwasimulia nilipewa kisu kikali, nikawekewa mbele kitabu kipya cha watoto, nikaambiwa nikikate. Nilikuwa tarishi wa maktaba kwa miaka mingi hata kaunta ilinijua kwa jina. Kazi yangu ilikuwa kupeleka barua, kufagia, kugundisha vitabu vilivyochanika, na kuwakemea watoto wanaokunja pembe za kurasa. Sasa Mkutubi Mkuu, mwanamke aliyetuongoza sote pale, ananisukumia kitabu mezani kama mtu anayempa mwenzake samaki wa kuparwa.

"Kata uti," akasema. Uti wa kitabu ni ule mgongo unaozishika kurasa pamoja.

"Mama, hiki ni kipya."

"Kipya ndiyo. Kikuukuu kitasomeka vipi juani?"

"Na mimi niliyewafukuza watoto kwa kukunja pembe tu?"

"Basi leo waombee radhi wote kwa mpigo. Kata, Mbwana."

Nilikata nimefumba jicho moja. Nawaambia, kitabu kile kililia, na kilio chake kilisikika mpaka Ngome ya Yesu. Nilipomaliza nikapewa cha pili, sawa na kile cha kwanza, nikakikata nacho. Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii leo mnajua sababu, lakini wakati ule hapakuwa na wa kunieleza isipokuwa yeye: karatasi ya kitabu huchapwa pande mbili, na ukutani huonekana upande mmoja tu. Kwa hiyo nakala mbili hukatwa ili kurasa zote zionekane, na nakala ya tatu hubaki nzima rafuni. Ile ya tatu ishikeni akilini. Ndiyo iliyotuokoa.

Mkutubi Mkuu alikuwa ametoka mkutanoni, huko wakutubi wanakokutana wakanywa chai na kuibiana maarifa. Alirudi na jambo aliloliita njia ya hadithi. Unachukua kitabu cha picha, unakitandaza nje, ukurasa mmoja mmoja, kila ukurasa na ubao wake, ubao huu hapa, mwingine hatua kadhaa mbele. Mtoto anatembea anasoma. Akifika mwisho wa njia amemaliza kitabu, na wala hajui kama amesoma.

Lakini hakulileta kwa kupenda mapya. Aliletewa barua kutoka kwa wakubwa wa mbali, inayosema chumba cha watoto hakina wasomaji, na likizo ikiisha kitageuzwa stoo ya mafaili. Aliitoa mkobani akanisomea kwa sauti ndogo, mlango ukiwa umefungwa.

"Nimeomba nafasi," akaniambia. "Wamesema wakiona watoto arubaini katika daftari la wasomaji kabla ya shule kufunguliwa, watatuachia chumba. Tuna wangapi, Mbwana?"

"Wanne. Na mmoja huja kwa sababu ya feni."

"Basi tunatafuta thalathini na sita."

Lazima niwaambie kwa nini chumba kile kilinihusu kuliko mshahara wangu. Niliingia maktaba nikisoma kwa kidole, herufi moja asubuhi, ya pili mchana. Nikajiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima, katika shule moja kule Makadara. Nilipewa kazi za kufanya nyumbani, na nyumbani kulikuwa na watoto sita na redio. Basi nikawa nafika maktaba kabla haijafunguliwa, nakaa chumba cha watoto, kwenye kiti cha mtoto, magoti yakinigusa masikio. Vitabu vya picha ndivyo vilivyonivusha. Nilisoma habari za mabata na sungura mpaka siku moja nikajikuta nasoma barua ya serikali bila kusita. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya nina mvi tatu kichwani, na watahiniwa wenzangu waliinuka kunisalimia wakidhani mimi ndiye msimamizi. Mke wangu husema mvi zilikuwa thalathini, lakini yeye huzidisha mambo.

Kwa hiyo nilipoambiwa viti vile vitatolewa yaingie mafaili, kisu kikawa chepesi mkononi.

Kitabu tulichochagua kilikuwa na kurasa kumi na nne. Kinamhusu paka aitwaye Kashata, ambaye alipanda juu ya paa la nyumba ya ghorofa tatu akimfuata njiwa, akashindwa kushuka. Mji wa Kale una paka wengi kuliko milango, nikajua kila mtoto atamtambua.

Sasa ufundi wenyewe. Kurasa tulizipeleka duka la fotokopi kuvishwa plastiki kwa mashine ya moto, wenyewe huita laminesheni. Fundi akitaka kukata plastiki sawasawa na karatasi, mkamate mkono. Acha ukingo wa upana wa kidole pande zote nne, kwa maana hewa ya bahari yetu huingia penye mwanya wowote, na ikiingia huulamba wino. Nimeona ukurasa uliokatwa vibaya ukageuka mweupe kama maziwa kwa siku tatu. Kisha unaugundisha kwenye ubao, ubao umepigwa rangi ya mafuta mara mbili, na chini yake tukachora nyayo za paka zikielekea kwenye ubao unaofuata. Na kipimo cha umbali si mita. Kipimo ni macho ya mtoto: akimaliza ukurasa huu, auone ule mwingine kutoka hapo aliposimama. Asipouona, anakwenda kununua mabuyu, na hadithi imekwisha.

Tatizo lilikuwa kuta. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nyumba za zamani, na hairuhusiwi kuzitoboa hata kwa msumari wa picha. Tulizunguka vichochoro siku mbili, mimi na Mkutubi Mkuu, yeye na futi yake ya kupimia na mimi na mwavuli wake. Siku ya pili nikapata wazo, na hili mtalikuta katika ripoti kwa jina langu, limeandikwa kwa kalamu nyeusi. Nilisema: tusimamishe mbao juu ya baraza. Kila nyumba ina baraza yake ya mawe nje ya mlango. Ubao ukisimama juu ya baraza, ukaegemea ukuta, ukafungwa kwa kamba kwenye chuma cha dirisha, hautoboi kitu, na ukurasa unakuja sawasawa na macho ya mtoto wa miaka saba.

Mkutubi Mkuu alipima. Akapima tena. "Mbwana," akasema, "wewe ungekuwa mhandisi."

Nikavimba. Usiku ule nilimsimulia mke wangu mara nne.

Tukaandika barua kumi na nne za kuomba ruhusa, kwa wenye nyumba, na mimi nikazipeleka mkono kwa mkono. Nyumba ya ukurasa wa saba wenyewe walikuwa ng'ambo miaka mingi. Barua nikaipiga picha kwa simu nikawatumia, likarudi jibu la kidole gumba kilichoinuliwa. Nikakiandika hicho pia katika faili: wameridhia.

Siku ya kufungua tulisimamisha mbao asubuhi, kichochoro kitupu, jua halijashuka kati ya nyumba. Nilirudi nyuma nikazitazama zimepangwa, moja inaita nyingine mpaka kwenye mlango wa maktaba. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na mimi nimeona mitaa ya mji huu ikipambwa kwa Maulidi.

Ikaadhiniwa alasiri.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Mimi ni mzaliwa wa mtaa ule. Nimekalia baraza zile tangu sijajua kuvaa kikoi. Mtu yeyote angeweza kusahau jambo lile isipokuwa mimi. Sala ilipokwisha, wazee wakatoka msikitini, kila mmoja akaelekea penye baraza yake, akapangusa kwa leso ya mkononi, akaketi, akaegemea nyuma. Na nyuma yake palikuwa na ubao wangu. Baraza kumi na nne, migongo kumi na nne. Kashata akafunikwa na kanzu toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Na saa hiyo hiyo ndipo watoto wanapotoka chuo cha Kurani. Wakaja wengi, kama dagaa. Wakaziona nyayo za paka, wakaona pembe ya picha ikichungulia begani mwa mzee, wakasimama. Lakini mtoto wa kwetu hamwambii mzee sogea. Alilelewa apite akisalimia, mkono kifuani, asitumbue macho. Basi wakasalimia, migongo kumi na nne ikaitikia, wakapita. Jioni daftari lilikuwa na majina mapya matatu, na wawili kati yao walikuwa wameingia kutafuta choo.

"Mhandisi," akasema Mkutubi Mkuu, akalifunga daftari.

Kesho yake nikaenda kwa wazee mmoja mmoja, kofia mkononi. Hawakuwa wakali. Kila mmoja aliniambia jambo lile lile kwa maneno yake: ulipita hapa na barua siku zile, nimekaa, ukanivuka ukabisha mlango. Na ni kweli. Nyumba ina mwenyewe mwenye hati, lakini baraza ina mkaaji wake, na mkaaji huyo huenda hata hahusiani na nyumba ile. Amekaa pale miaka, amepokea posa pale, amesuluhisha ndugu pale. Mimi niliyajua hayo kama nijuavyo njia ya kwenda kwetu, lakini nilipovishwa kazi ya barua na faili nikayasahau. Niliomba radhi, wakasogea. Mmoja alikaa upande, mwingine akabadili ncha, mwingine akaanza kuwasomea watoto kwa sauti ya muadhini.

Akabaki Maalim, katika ukurasa wa saba.

Maalim alikuwa amefundisha chuo miaka mingi hata nusu ya mji ilijifunza alifu kwake, na nusu nyingine ilichapwa naye. Mimi nilikuwa katika hizo nusu mbili. Alikuwa mrefu, mwembamba, na akikaa haegemei tu: huganda. Nikamsalimia, akaniitikia kikamilifu, kwa heshima zote, kisha akanywa kahawa yake.

"Maalim, nimekuja kuhusu ule ubao."

"Upi?"

"Ulio nyuma yako."

"Sina macho nyuma."

"Ni ukurasa wa kitabu, Maalim. Watoto wasome."

"Kusoma ni jambo jema," akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nafundisha. Kuna mmoja alikuwa akitoroka kwenda kuogelea. Sijui aliishia wapi."

"Aliishia hapa mbele yako, Maalim."

"Ah. Ndiyo sababu." Akazungusha kahawa yake kikombeni. "Ukuta umemwomba nani, Mbwana?"

"Wenyewe. Wako ng'ambo. Walijibu."

"Walijibu nini?"

Nikaona haya. "Walituma kidole."

"Kidole," akasema Maalim, akawageukia wenzake wawili waliokuwa karibu. "Yakhe, mwasikia? Mimi nimekaa hapa tangu baba wa hao wa ng'ambo hajaposa. Leo nahamishwa na kidole."

Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Na Maalim hakusogea.

Nilipompelekea Mkutubi Mkuu habari akasema tuuhamishe ule ubao. Hapakuwa na pa kuuhamishia. Baraza ya sita iko kabla ya kona, ya nane iko baada ya kona, na kati yao ni ile ya Maalim tu. Nikamwomba aniachie niwe naenda kuomba kila siku. Nikawa naenda baada ya alasiri na birika ya kahawa na kipande cha haluwa. Maalim akawa anakula haluwa, ananishukuru, ananiuliza habari za watoto wangu kwa majina, na hasogei.

Siku ya nne nilimkuta msichana mmoja amesimama kwenye kona, mikono kiunoni. Aliitwa Salma, wa miaka tisa, ulimi wake ungeweza kuuza barafu kwa muuza barafu. Nyuma yake walikuwa watoto kama wanane wakibishana. Ukurasa wa sita unamwonyesha Kashata kwenye ukingo wa paa, mvua imeanza, chini ghorofa tatu, na njiwa ameruka zake. Ukurasa wa nane Kashata yuko jikoni, amefunikwa leso, anakunywa maziwa. Na kati ya hapo, mgongo wa Maalim.

"Alishukaje?" Salma akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyempandisha.

"Imeandikwa ukurasa wa saba."

"Nao uko wapi?"

Nikaelekeza kwa kidevu. Akamtazama Maalim, akanitazama mimi. "Mwambie asogee."

"Mwambie wewe."

"Mimi? Mamangu atanichuna."

"Aliruka," akasema mwenzake.

"Ghorofa tatu aruke, halafu aamkie maziwa? Labda paka wenu."

"Alishushwa kwa kamba."

"Nani amshushe na mvua yanyesha?"

Mimi, wallahi, sikuwa na hila yoyote. Nilikuwa nimechoka na nataka kwenda kunawa. Nikawaambia, "Maktaba kuna kitabu kizima. Mlango ule pale mwisho wa njia."

Walikimbia, nawaambia, upepo wao ulinivua kofia. Nilipowafikia walikuwa wamejazana chumba cha watoto, tisa juu ya kitabu kimoja, na Mkutubi Mkuu anawashika mmoja mmoja kuandika majina. Walipousoma ule ukurasa wakapiga kelele ambazo maktaba ile haikuzisikia tangu ijengwe, na Mkutubi Mkuu, aliyewahi kumtoa nje mkaguzi wa umeme kwa kupiga chafya, hakumnyamazisha hata mmoja.

Kesho yake ndipo nilipoona kazi ilivyo. Wale tisa walisimama penye ukurasa wa sita kama walinzi. Wenzao wakifika wanauliza, "Kwani alishukaje?" na hao wenye kujua wanabana midomo kwa raha na kujibu, "Nenda ukasome." Hawakusema. Mtoto aliyejua jambo ambalo mwenzake halijui anatembea kama tajiri, na wale hawakutaka kuupoteza utajiri wao. Daftari likapanda. Kumi na nane. Ishirini na tano. Walikuja kwa ajili ya ukurasa wa saba, wakakuta vitabu vingine, wakakaa.

Ikapita siku nyingine, Maalim akaniita mwenyewe, tena kwa mkono.

"Jana hukuleta kahawa."

"Kazi zimekuwa nyingi, Maalim."

"Kaa." Nikakaa. Akasafisha koo. "Nimefikiri. Umekuja kuniomba siku nne. Mtu aliyeombwa siku nne ameombwa. Na hawa watoto wanapita wanasalimia vizuri, sina kinyongo nao. Kesho nitakaa kule ncha ya pili, ukurasa wenu uonekane."

Nikamshika mkono wa kanzu. "Maalim, tafadhali usisogee."

Akanigeukia mwili mzima, mara ya kwanza tangu nimjue. "Ati?"

Nikamweleza yote: barua ya wakubwa, stoo ya mafaili, daftari, Salma, watoto wanaokimbilia maktaba kwa sababu hawawezi kumwondoa mzee mmoja barazani. Nilimweleza na habari za viti vidogo na magoti yangu, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote mtaani. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kama alivyokuwa akitusikiliza tukisoma sura zetu, na niliogopa vile vile kukosea.

"Kwa hiyo," akasema, "kila ulipokuja na haluwa ukiniomba nisogee, mimi nilikuwa nakufanyia kazi."

"Naam."

"Na ulikuwa hujui."

"Sikujua, Maalim."

"Hujabadilika." Akatazama kona, walikokuwa watoto wakisukumana. "Daftari lataka wangapi?"

"Arubaini. Tuna thalathini na mmoja."

Maalim akajisogeza kidogo, si pembeni, bali nyuma, mpaka mabega yake yakaufunika ubao wote. "Basi niletee mto," akasema. "Hizo mbao zako zinaumiza mgongo."

Nilimletea mto wa sufi kutoka kwangu, na mke wangu mpaka leo anauliza ulipo.

Siku ya mwisho ya likizo wakubwa walimtuma Mkaguzi. Alikuja na tai na faili, akitokea upande wa Ngome ya Yesu, na mimi nikamfuata kwa mbali nikijifanya nafagia. Nilitaka kuona uso wake. Alianza kuutazama ubao wa kwanza kwa jicho la kikazi. Wa pili akapunguza mwendo. Wa nne akatabasamu. Wa sita akasimama kabisa. Akapiga kona, akamkuta Maalim.

"Masalkheri, mzee wangu."

"Masalkheri, mwanangu. Karibu."

"Samahani, naona kama kuna ukurasa hapo nyuma."

"Upo."

"Ningeweza kuuona kidogo?"

Maalim akamtazama kuanzia viatu hadi tai, kwa upole mkubwa. "Kitabu kizima kiko maktaba," akasema. "Fuata hizo nyayo."

Mkaguzi akafuata nyayo. Mkutubi Mkuu alikuwa amejiandaa na hotuba, amevaa buibui lake jipya, daftari mezani limefunguliwa. Mkaguzi hakulitazama. Alichungulia chumba cha watoto, akauliza, "Kile kitabu cha paka ni kipi?" Watoto walikuwa wamepanga foleni ya kukisoma, na Salma, aliyejipa cheo cha kuisimamia, hata hakugeuka. "Mwisho wa foleni kule," akamwambia.

Akaenda mwisho wa foleni. Nimeyaona mengi katika kazi yangu, lakini mtu mwenye tai na faili amesimama nyuma ya watoto, anasubiri kujua paka ameshukaje, hilo sitalisahau. Alipofikiwa na zamu yake akasoma ukurasa wa saba akiwa amesimama, akakifunga kitabu, akacheka peke yake. Kisha ndipo akaomba daftari. Mimi husema tulikuwa na watoto mia mbili. Daftari linasema hamsini na tatu, na daftari ndilo lililopelekwa kwa wakubwa. Chumba kikabaki chumba.

Baada ya hapo Mkutubi Mkuu alinitoa kwenye utarishi akanipa kazi hii rasmi, na barua ya kazi niliisoma mwenyewe mbele yake, kwa sauti, bila kidole. Nilitandaza njia ya pili Makadara, karibu na shule niliyosomea jioni, na ya tatu Mama Ngina, ambako nilijifunza kwamba upepo wa ufuoni unaweza kumbeba twiga, na kwamba ubao usimamao karibu na karai ya mihogo husomeka kwa kuulamba. Kote huko sikupeleka barua kwanza. Kwanza nilimtafuta anayekaa: fundi viatu, muuza mihogo, bibi anayekaanga kachri. Niliketi, nikasalimia, nikanunua, nikaomba. Na katika kila njia niliacha ukurasa mmoja nyuma ya mtu asiyesogea. Vijana niliowafundisha wanauita mgongo. Wanapopanga njia mpya huulizana, "Mgongo tumeuweka wapi?" Siku hizi neno hilo limo katika ripoti, limeandikwa kana kwamba lilikuwepo tangu zamani. Chagueni ukurasa wa mgongo kwa uangalifu. Usiwe wa mwanzo, mtoto bado hajali. Usiwe wa mwisho, atasikitika. Uwe pale hatari ilipo kubwa kabisa.

Nilistaafu kwa sherehe ya sambusa na hotuba tatu, ya kwangu ikiwa ndefu kuliko zote. Mkutubi Mkuu, ambaye naye alikuwa ukingoni mwa kustaafu, alinipa zawadi kile kisu, amekifunga kwa karatasi ya maua. Nilidhani kazi imekwisha. Wiki ile ile Maalim akanitumia mjukuu wake kuniita nyumbani. Nilimkuta kitandani, amenyooka vile vile, mto wangu wa sufi pembeni.

"Miguu imekataa ngazi," akaniambia. "Jumatatu baada ya alasiri utakaa wewe."

"Nikae wapi, Maalim?"

"Hukuwa mwepesi hata ulipokuwa mdogo." Akanisukumia mto. "Na usiegemee upande. Pembe ya picha inaonekana."

Nina vyeti viwili maishani, kile cha kidato cha nne na barua ya kustaafu kwa heshima. Vyote viko kwenye fremu. Lakini mtu akiniuliza nimefika wapi katika kazi hii, namwambia nilirithi baraza ya Maalim, na nakaa pale kila siku isipokuwa ya mvua. Kitabu cha Kashata kimekatwa na kuvishwa upya mara nyingi, mbao zimebadilishwa, watoto wale wa kwanza wana vitambulisho. Ukurasa wa saba uko pale pale.

Juzi alikuja mvulana mgeni mtaani, akasimama mbele yangu, akasalimia vizuri.

"Babu, uko wapi ukurasa wa saba?"

"Nimeuegemea."

"Paka alishukaje?"

Nami, kwa kuwa sina ukali wa Maalim, nikamweleza. Nilimwambia ilikuja gari ya zimamoto yenye ngazi ya kufika mbinguni. Akanitilia shaka. Nikasema basi, njiwa alirudi na wenzake sabini wakambeba kwa masikio. Akazidi kunitazama. Nikamwambia asiponiamini, nyayo zile pale.

Hakukawia. Alirudi anahema, na uso wake unang'aa kwa kunikamata.

"Babu, umenidanganya. Hakuna zimamoto. Hakuna njiwa sabini."

"Kumbe?" nikasema. "Basi alishukaje?"

Akafungua mdomo. Kisha akawaona watoto wengine watatu waliokuwa wamepiga kona, wamesimama kumsikiliza. Akaufunga mdomo wake taratibu, akaweka mikono nyuma kama mtu mzima.

"Nenda ukasome," akaniambia.

Nikaurekebisha mto wangu, nikaegemea.